Duka la Dawa Wakati wa Janga: Hesabu ya Akiba na Mpango wa Foleni

Mtu anaposhikwa na homa, aghalabu haendi hospitali kwanza. Hupita katika duka la dawa lililo karibu, akamweleza mwuzaji maradhi yake, akanunua vidonge na kurudi nyumbani. Katika Afrika ya Mashariki mazoea haya ni ya miaka mingi, na serikali zimeyatambua. Mwaka 2003 Tanzania ilianzisha katika Mkoa wa Ruvuma mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu, ambao wauzaji wake hufunzwa na maduka yake hukaguliwa, ili wananchi wanaoishi mbali na mfamasia wapate dawa zilizo salama. Baadaye mpango huo ulienea katika mikoa mingine.

Kwa hiyo, ugonjwa unapolipuka na kuenea dunia nzima, duka la dawa huwa miongoni mwa mahali pa mwanzo kuelemewa. Wateja huongezeka ghafla, na wakati uo huo shehena za dawa hupungua. Tena mahali penyewe pa kutolea tiba paweza kugeuka kuwa mahali pa kuambukizana, kwa kuwa wagonjwa na wazima husimama mbele ya meza moja.

Makala haya yanaeleza jinsi duka la dawa linavyoweza kubadili utaratibu wake wa akiba na wa huduma ili kuikabili hali hiyo. Mifano mingi imetokana na janga la UVIKO-19, yaani ugonjwa wa virusi vya korona. Msomaji ataona kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni hesabu za kawaida za darasani, na kwamba hesabu hizo zikikosewa, wanaoumia ni wagonjwa.

Shehena zilipokwama

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia. Siku chache baadaye wagonjwa wa kwanza walitangazwa nchini Kenya na Tanzania. Lakini upungufu wa dawa ulikuwa umekwisha kuanza kunyemelea kutoka mbali.

Kidonge kimoja hupita mikono mingi kabla ya kufika rafuni. Kiini cha dawa, yaani ile kemikali yenyewe inayotibu, huenda kimetengenezwa nchini China; kikapelekwa India, kikachanganywa na unga wa kukishikamanisha na kufanywa kidonge; kisha vidonge vikasafirishwa kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, vikapokelewa bohari, na mwishowe vikapelekwa wilayani. Kiungo kimoja cha mnyororo huo kikikatika, mnyororo wote husimama.

Ndivyo ilivyotukia. Viwanda vya China vilipofungwa mwanzoni mwa mwaka 2020, viwanda vya India vilihofia kukosa viini. Tarehe 3 Machi 2020 serikali ya India ilizuia kwa muda kuuza nje viini na dawa za aina 26, zikiwamo parasetamoli na metronidazoli. Amri hiyo ililegezwa hatua kwa hatua katika majuma yaliyofuata, lakini ilitosha kuzifundisha nchi zinazoagiza dawa kutoka nje kwamba bei ya dawa na wepesi wa kuipata si mambo ya kutegemewa daima.

Kanuni ya kuagiza

Je, mwenye duka atajuaje ni wakati gani wa kuagiza? Wengi huagiza wanapoona rafu inakaribia kuwa tupu. Wakati wa amani njia hiyo yaweza kupita. Wakati wa janga huleta hasara.

Kanuni iliyo bora ni hii: kiwango cha kuagizia ni matumizi ya juma moja, mara majuma ya kungojea shehena, ukijumlisha akiba ya tahadhari. Akiba iliyomo dukani ikishuka hadi kiwango hicho, agizo hutumwa siku hiyo hiyo bila kungoja zaidi.

Hebu tuchukue mfano. Duka moja katika mji mdogo wa wilaya linahudumia wagonjwa 120 wa shinikizo la damu wanaotumia dawa ya aina moja. Kila mgonjwa hununua pakiti moja kila majuma manne, na wateja hao hufika kwa siku mbalimbali. Basi matumizi ni pakiti 30 kwa juma. Kwa kawaida shehena hufika majuma 2 baada ya kuagizwa, na mwenye duka huweka tahadhari ya juma 1. Kiwango chake cha kuagizia ni:

30 × 2 + 30 = pakiti 90.

Sasa janga linaingia. Meli zinachelewa, mipaka inakaguliwa kwa muda mrefu, na shehena inachukua majuma 6. Kwa kuwa hata majuma 6 hayana uhakika, tahadhari nayo yapasa kuongezwa iwe ya majuma 2. Kiwango kipya ni:

30 × 6 + 60 = pakiti 240.

Tuseme mwenye duka hakubadili hesabu yake, akaendelea kuagiza akiba inapofika pakiti 90. Pakiti hizo zitamalizika baada ya majuma 3, ilhali shehena itafika juma la 6. Rafu itakaa tupu majuma 3, na katika muda huo wagonjwa 90 watafika dukani na kurudi mikono mitupu. Idadi ya wagonjwa haikuongezeka hata kwa mtu mmoja, wala hakuna aliyenunua zaidi ya haki yake. Muda wa kungojea peke yake umetosha kuleta upungufu.

Ni dhahiri basi kwamba chombo cha kwanza cha kupambana na upungufu ni leja iliyoandikwa vizuri. Duka lisiloandika kilichoingia na kilichotoka kila siku haliwezi kujua matumizi yake ya juma, na lisipojua hilo haliwezi kuitumia kanuni hii.

Kugawa kilichopo

Tuendelee na duka lile lile. Mwenye duka ameagiza mapema, na ana pakiti 240. Uvumi unaenea mjini kwamba dawa zitaadimika, na kila mgonjwa anataka kununua pakiti 3 kwa mara moja. Akiwauzia bila kipimo, wagonjwa 80 wa kwanza watazimaliza zote, na 40 waliobaki hawatapata hata kidonge. Aghalabu hao 40 ndio wazee, maskini na wanaotoka vijiji vya mbali, kwa kuwa habari huwafikia mwisho na fedha za miezi mitatu hawanazo.

Akimpa kila mtu pakiti moja, zitatoka pakiti 120 na kubaki 120 za mzunguko wa pili. Wagonjwa wote watakuwa na dawa kwa majuma 8, yaani kupita siku ya kufika kwa shehena. Lakini hapa pana tatizo jingine: kila mgonjwa atalazimika kuja dukani mara mbili, na kila safari ni nafasi ya kuambukizwa. Kwa upande wa akiba, yafaa kutoa kidogo kidogo. Kwa upande wa maambukizo, yafaa kutoa nyingi ili watu wasije mara kwa mara. Mambo haya mawili huvutana, na hapana amri moja inayoyamaliza.

Yawezekana, hata hivyo, kuyapatanisha. Tuseme kati ya wagonjwa 120, wapo 40 walio wazee au wenye maradhi mengine, ambao wakiambukizwa watakuwa katika hatari kubwa zaidi. Hao wapewe pakiti 2 kila mmoja, jumla 80. Wale 80 waliobaki wapewe pakiti moja moja, jumla 80. Zimetoka pakiti 160, zimebaki 80, nazo zinawatosha wale 80 kwa mzunguko wa pili. Kila mmoja ana dawa ya majuma 8, na walio dhaifu wamekuja mara moja tu. Kwa akiba ile ile, mgawanyo wa busara umewakinga watu wengi zaidi.

Jambo hili halikuanza na UVIKO-19. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limependekeza kwamba watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao hali zao zimetulia, wapewe dawa za miezi 3 hadi 6 kwa mara moja. Janga lilipofika, nchi zilizokuwa zimeanza utaratibu huo zilikuwa na njia iliyo tayari ya kupunguza misongamano bila kukatiza tiba. Lakini utaratibu huo hufaa pale tu bohari inapokuwa na uhakika wa shehena. Pasipo uhakika huo, dawa nyingi mikononi mwa wachache ni ukosefu kwa wengine.

Dawa inayovuma na dawa inayofaa

Kila janga huleta dawa zake za uvumi. Mwaka 2020 iliyovuma zaidi ilikuwa klorokwini, pamoja na ndugu yake haidroksiklorokwini. Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini kwa uchungu wake na kwa mwasho uliowapata baadhi ya walioimeza. Kwa miaka mingi ilikuwa tiba ya kwanza ya malaria, hata vijidudu vya malaria vikazoea kuihimili. Tanzania iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 2001.

Majaribio ya maabara yalionyesha kwamba dawa hizi huzuia virusi vya korona ndani ya chembe zilizooteshwa katika vyombo. Viongozi wakazisifu hadharani. Tarehe 28 Machi 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu zitumike hospitalini kwa dharura. Watu wakakimbilia madukani katika nchi nyingi. Mjini Lagos, Nigeria, maofisa wa afya walitangaza kwamba watu walifikishwa hospitalini kwa kumeza klorokwini kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani nalo likatoa onyo kuhusu klorokwini bandia zilizogunduliwa Kameruni, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Niger. Wakati huo huo wagonjwa wa lupasi na wa baridi yabisi, ambao haidroksiklorokwini ni dawa yao ya kila siku, walitatizika kuipata.

Majibu yalipatikana kwa majaribio makubwa juu ya wagonjwa wenyewe. Nchini Uingereza, jaribio lililoitwa RECOVERY liligawa wagonjwa kwa bahati nasibu katika makundi, baadhi wakipewa dawa fulani na wengine wakipewa matunzo ya kawaida. Mwezi Juni 2020 watafiti walitangaza mambo mawili. Kwanza, haidroksiklorokwini haikupunguza vifo. Marekani ikaifuta ruhusa yake tarehe 15 Juni. Pili, deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kati ya wagonjwa waliopumulia kwa mashine, na kwa sehemu moja ya tano kati ya waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa wagonjwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida.

Sehemu hii ya mwisho ndiyo yenye somo kubwa kwa duka la dawa. Deksamethasoni hupunguza nguvu za kinga ya mwili na huweza kupandisha sukari katika damu. Mtu mwenye kikohozi chepesi akiinunua na kuimeza nyumbani hapati msaada wowote, ila anajiongezea hatari; na kila pakiti aliyoichukua imemwepuka mgonjwa wa wodini ambaye ingeweza kumwokoa. Hali kadhalika antibiotiki. Dawa hizi huua bakteria, haziui virusi. Zikitumiwa ovyo wakati wa janga la virusi, huzoesha bakteria kuzihimili, na baada ya janga kupita tutabaki na maradhi yasiyosikia dawa.

Basi dawa inayoulizwa sana siyo lazima iwe ndiyo inayohitajiwa sana. Mwuzaji anayeagiza kwa kufuata kelele za wateja atajaza rafu dawa za uvumi na kukosa nafasi na fedha za dawa za shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa na malaria. Maradhi hayo hayapumziki kwa kuwa ugonjwa mpya umeingia. Taarifa ya malaria iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ilikadiria kwamba mwaka 2020 vifo vya malaria duniani viliongezeka kwa 69,000 kupita vya mwaka 2019, na kwamba karibu theluthi mbili ya ongezeko hilo lilitokana na kuvurugika kwa huduma. Kwa hiyo mteja mwenye homa asidhaniwe kuwa na ugonjwa mpya tu. Kipimo cha haraka cha malaria kingali na kazi yake.

Foleni, hewa na mikono

Tuje sasa kwenye duka lenyewe. Virusi vya korona huenea zaidi kwa hewa na matone yatokayo mdomoni na puani. Chumba kidogo chenye watu wengi na madirisha yaliyofungwa ndicho kibaya kuliko vyote. Hatua za msingi si za gharama kubwa.

Foleni ipangwe nje, kivulini, kwa nafasi ya angalau mita moja kati ya mtu na mtu, na ndani waingie wachache kwa zamu. Milango na madirisha yafunguliwe ili hewa ipite. Pakiwezekana, mlango wa kuingilia usiwe wa kutokea. Ndoo yenye bomba na sabuni iwekwe mlangoni. Wateja wenye kikohozi na homa wahudumiwe kando na wale waliokuja kuchukua dawa zao za kila mwezi. Wafanyakazi wagawanywe katika zamu mbili zisizokutana, ili mmoja akiugua duka lisifungwe lote. Wazee waruhusiwe kuagiza kwa simu, dawa zao zifungwe tayari, na ndugu au jirani azichukue. Lakini maelezo ya namna ya kutumia yaandikwe wazi juu ya pakiti, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hayupo kuyasikia.

Sabuni ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Kirusi cha korona kimefunikwa na utando wa mafuta. Chembe za sabuni zina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta; huupasua utando huo, na kirusi husambaratika.

Maji yasipopatikana, kitakasa mikono hutumika. Mwaka 2020 kiliadimika mara moja, na maduka mengi ya dawa na hospitali zikakitengeneza zenyewe kwa kufuata kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Kwa lita 10 huhitajiwa ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333; haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417; gliseroli ya asilimia 98 mililita 145; kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa huongezwa hadi kufika lita 10. Mchanganyiko huachwa saa 72 kabla ya kutumiwa, ili peroksaidi iue viini sugu vya bakteria vilivyomo chupani au katika vimiminika. Gliseroli hulinda ngozi isikauke.

Mwanafunzi aweza kuhakikisha nguvu yake: 8,333 × 0.96 ni takriban mililita 8,000 za ethanoli halisi, na 8,000 katika 10,000 ni asilimia 80. Kwa nini isiwe asilimia 96 moja kwa moja? Kwa sababu ethanoli huua kwa kuharibu umbo la protini, na kazi hiyo yahitaji maji. Ethanoli kali mno pia huyeyuka hewani upesi kabla haijamaliza kazi. Kazi hii ni ya mtaalamu, siyo ya jikoni, kwa maana ethanoli hushika moto kwa wepesi. Hatari kubwa zaidi ni methanoli, ambayo hufanana na ethanoli kwa sura lakini ni sumu ya kupofusha na kuua. Nchini Iran mwaka 2020 mamia ya watu walikufa kwa kuinywa wakidhani itawakinga na korona.

Baada ya wimbi kupita

Wahenga wamesema akiba haiozi. Akiba ya dawa huoza. Kila dawa ina tarehe yake ya mwisho, na mwenye duka aliyenunua kwa hofu wakati wa wimbi atajikuta na masanduku yasiyouzika wimbi litakapopita. Kwa hiyo kiwango cha kuagizia hakina budi kupunguzwa shehena zikianza kufika kwa wakati, kama kilivyoongezwa zilipochelewa. Rafu nazo zipangwe ili pakiti yenye tarehe ya karibu itoke kwanza, hata kama iliingia mwisho. Maduka ya jirani yaweza kubadilishana orodha ili ziada ya moja ifidie upungufu wa jingine, kwa kufuata sheria za mamlaka ya dawa. Dawa zilizopita muda zisitupwe jaani wala mtoni; ziharibiwe kwa utaratibu uliowekwa.

Janga la UVIKO-19 lilikoma kuhesabiwa kuwa dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2023. Ugonjwa mwingine utakuja, na hapana ajuaye jina lake. Duka litakaloweza kuukabili ni lile ambalo leja yake imeandikwa leo, siku ambayo hakuna foleni mlangoni.

Mazoezi ya darasani

1. Duka hutoa pakiti 20 za dawa ya kisukari kwa juma. Muda wa kungojea shehena umepanda kutoka majuma 3 hadi 7, na tahadhari kutoka juma 1 hadi majuma 2. Tafuta kiwango cha kuagizia cha zamani na kipya. Kama kiwango hakikubadilishwa, rafu itakaa tupu kwa majuma mangapi?

2. Ni mililita ngapi za ethanoli ya asilimia 96 zinazohitajiwa ili kupata lita 5 za kitakasa mikono chenye ethanoli asilimia 80?

3. Jadilini: Duka lina pakiti 100 za dawa ya pumu na wagonjwa 80 wanaotumia pakiti moja kwa mwezi. Shehena itafika baada ya mwezi mmoja. Ni nani wapewe pakiti 2, na kwa sababu gani? Je, ni busara kuzigawa pakiti zote?

Majibu: (1) pakiti 80, na pakiti 180, majuma 3. (2) takriban mililita 4,167.